Kabla Hujalipa Kodi, Funua Kisima

Ukipata uhamisho wa kwenda Newala, marafiki watakuonya juu ya baridi na shida ya maji. Hawakutishi bure. Mji umekaa ukingoni kabisa mwa uwanda wa juu wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaiona nchi imeporomoka chini ya miguu yako. Mjerumani Karl Weule alikaa hapo mwaka 1906 akalalamikia upepo na umbali wa maji. Ndiyo maana utakuta nyumba zenye kisima cha mvua uani: shimo limechimbwa, likasakafiwa kwa saruji, na gata za paa zinamwaga maji humo.

Sasa mje nyinyi wapendanao na dalali wenu. Bibie macho kwenye vigae, bwana anauliza dishi litakaa wapi, dalali anamalizia, "Na kisima kipo!" Basi, kodi ya miezi sita inatoka. Marekani mnunuzi wa nyumba humlipa mkaguzi aikague kuanzia paa hadi msingi. Huku kwetu, mpenzi msomaji, mkaguzi ni wewe na mwenzio.

Nilipomsindikiza mdogo wangu na mkewe kutafuta nyumba Newala, nilianzia uani. Wana mtoto wa mwaka mmoja na nusu, wa kuchungulia kila tundu. Nyumba ya kwanza ilikuwa nzuri, ila mdomo wa kisima ulikuwa sawa na ardhi, umefunikwa mbao zilizoliwa na mchwa. Usiukanyage mfuniko wa namna hiyo eti unaujaribu! Mdomo mzuri umejengewa ukuta ambao mtoto hawezi kuupanda, una mfuniko wa chuma na kufuli, na mahali gata inapoingilia pana wavu wa kuzuia mbu. Uliza pia nani anakisafisha. Hewa ya ndani ya shimo lililofungwa inaweza kumwangusha mtu mzima, na pampu ya petroli ikiwashwa humo moshi wake unaua. Fundi asishuke bila wenzake juu na kamba kiunoni.

Halafu stoo. Huu ni ukanda wa korosho, na mwenye nyumba anaweza kukuomba "kakona tu" aweke mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho. Kataa kwa heshima. Unga wake unawasha macho na kifua, na ukishika moto hutoa moshi wa kukaba roho. Nyumba ya pili tuliiacha kwa sababu hiyo, maana stoo ilipakana na chumba cha kulala.

Baridi ya Juni na Julai nayo ina mtego wake: jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa, mmekumbatiana. Mkaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu analala moja kwa moja. Nunueni blanketi la pili, jamani.

Masasi, huko chini kwenye milima ya mawe, mimi naanza na mwinuko. Mwamba haunywi mvua, kwa hiyo maji yote yanashuka kwa kasi. Tazama alama za tope ukutani kabla rangi mpya haijakudanganya. Umeme ni uleule kote: soketi yenye weusi au ya moto, waya uliofungwa kwa nailoni, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Namba ya Zimamoto, 114, iwe kwenye simu zenu zote mbili.

Kuhusu mwenye nyumba, msibishane. Shikamoo kwanza, kisha mmoja wenu aseme, "Mzee, nyumba tumeipenda, tunaomba mfuniko utengenezwe kabla hatujalipa." Kabla, siyo baada, pesa ikishaingia mfukoni fundi huwa hapatikani. Wa nyumba ya tatu alinuna kidogo, akaleta mchomeleaji siku ya pili yake. Vigae vya hiyo nyumba ni vibaya kweli, na shemeji yangu hadi leo anavilalamikia.