Kumtayarisha Mbwa kwa Upasuaji na Kumwuguza Baadaye

Katika vijiji vya Kitai na sehemu nyingine za Mbinga, mbwa ni mlinzi wa nyumba na msaidizi wa kufukuza nguruwe mwitu na nyani mashambani. Akipata jeraha kubwa au uvimbe, au ikibidi kumfunga uzazi, mnyama huyo huhitaji kupasuliwa. Wenye mbwa wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo peke yake. Sivyo. Usalama wa mnyama hutegemea sana mambo yanayotendeka nyumbani, kabla ya kisu na baada yake.

Kwa nini mbwa asile?

Mwaka 1846 William Morton alionyesha hadharani mjini Boston, Marekani, kwamba mvuke wa etha huondoa maumivu ya upasuaji. Siku hizi mbwa hupewa dawa nyingine, mara nyingi kwa sindano, lakini kanuni ni ile ile: nusukaputi hutuliza ubongo na wakati huo huo hudhoofisha kinga za mwili kama vile kumeza na kukohoa. Mnyama aliyeshiba akitapika katika hali hiyo, matapishi yenye tindikali huweza kuingia mapafuni na kumwua. Kwa sababu hiyo mbwa mzima hunyimwa chakula kwa muda wa saa 8 hadi 12. Maji huachiwa mpaka karibu na wakati wa upasuaji, kwa maagizo ya daktari. Watoto wa mbwa hufungishwa kwa muda mfupi zaidi, kwani sukari ya damu yao hushuka upesi. Kumpa mbwa ugali kidogo kwa huruma ni kumhatarisha. Ikiwa amekwisha kula, daktari aambiwe ukweli.

Mambo ya kumweleza daktari

Kipimo cha dawa hutokana na uzito. Basi mbwa apimwe, asikisiwe. Daktari aelezwe pia kama mnyama ana mimba, yumo katika joto, au amewahi kuugua, na kama amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa.

Kupe wana umuhimu wa pekee. Vijidudu vya babesia, ambavyo huenezwa na kupe, huharibu chembe nyekundu za damu; bakteria wa erlikia hupunguza chembe zinazosaidia damu kuganda. Vile vile, penye mbung'o mbwa huweza kuambukizwa tripanosoma na kupungukiwa damu. Mbwa wa namna hiyo akipasuliwa kabla ya kutibiwa, damu kidogo tu inayopotea yaweza kumaliza uhai wake. Ufizi mweupe ni dalili ya kutiliwa maanani.

Baada ya upasuaji

Joto la kawaida la mbwa ni kama digrii 38 hadi 39 za Selsiasi. Chini ya nusukaputi mwili hushindwa kutetemeka ili kujipasha joto. Katika milima ya Umatengo, ambako Juni na Julai huwa na baridi kali, mbwa alazwe ndani juu ya magunia makavu, mbali na moto ambao anaweza kuuangukia. Apewe chakula kidogo akisha kuamka kabisa na kusimama imara.

Kidonda hakina budi kubaki kikavu. Mbwa akikilamba huingiza bakteria na kukata nyuzi. Ndoo ya plastiki iliyotobolewa kitako na kulainishwa kingo yaweza kuvalishwa shingoni kumzuia. Asikimbie wala kuwinda mpaka nyuzi zitolewe, kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14. Majivu na mafuta ya taa yasipakwe, na nzi wazuiwe wasitage mayai yanayozaa funza. Dawa za binadamu za maumivu, kama vile parasetamoli na ibuprofeni, asipewe: huweza kudhuru ini, tumbo na figo. Damu isiyokoma, usaha, harufu mbaya, ufizi mweupe au kukataa chakula zaidi ya siku moja ni sababu ya kurudi kwa daktari bila kukawia.

Zoezi kwa wanafunzi

Mbwa mzima aliyetulia hupumua kama mara 10 hadi 30 kwa dakika. Wanafunzi wahesabu pumzi za mbwa wa nyumbani aliyelala, bila kumgusa, kwa siku tano, kisha wachore jedwali. Anayejua hali ya kawaida ya mnyama wake ndiye atakayetambua mapema hali isiyo ya kawaida.