Pori lililopandwa limepona? Vipepeo wanaweza kujibu

Katika majimbo ya mashariki mwa RDC, kupanda miti kumekuwa jambo la kawaida. Mwaka wa 2019 serikali ilianzisha mpango wa kupanda miti bilioni moja hadi mwaka wa 2023. Inchi yetu iliahidi pia kurudisha hektari milioni 8 za udongo na mapori yaliyoharibika. Kwa kawaida ripoti zinataja hesabu ya miche. Lakini miche mingi si alama tosha kwamba pori limerudi. Kwa kujua hilo, watalaam wanatazama wadudu.

Kwa nini wadudu? Viwavi wa aina nyingi za vipepeo wanakula majani ya mimea michache tu. Mimea hiyo ikikosekana, vipepeo hao hawawezi kuzaliana. Mende wanaoviringisha mavi nao wanategemea nyama wa pori. Nyani na tembo wakiwindwa mpaka wakaisha, mende wanapungua, na kazi yao ya kufukia mbegu udongoni inapungua pia. Basi mdudu mmoja anaonyesha hali ya mimea, ya nyama na ya udongo.

Mfano wa karibu uko Kibale, magharibi mwa Uganda, ngambo ya mlima Ruwenzori. Sehemu ya pori hilo ilikuwa imegeuzwa mashamba, na mwaka wa 1992 wakaaji wake waliondolewa. Baada yao, matete yalijaa, moto ukapita mara kwa mara, miche ikashindwa kukua. Tangu katikati ya miaka ya 1990, miti ya asili ilipandwa huko.

Watafiti wa Uganda na Finland walitega vipepeo katika sehemu za umri mbalimbali, pamoja na pori la zamani. Mtego wenyewe ni rahisi: nyavu ya mviringo inayoning'inizwa, chini yake sahani ya ndizi zilizooza. Kipepeo akishiba, anaruka kwenda juu na kubaki ndani. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2014: kadiri miti ilivyozeeka, ndivyo kundi la vipepeo lilivyokaribia lile la pori la zamani.

Basi kuhesabu vipepeo tu hakutoshi. Hata shamba lenye jua linaweza kuwa na vipepeo wengi, lakini ni wale wa mahali pa wazi. Swali ni kama wale wa kivulini wamerudi.

Kwetu, mikalitusi na grevilea zina faida yake. Zinatoa makala na mbao, na zinaweza kupunguza ukataji katika Virunga na Kahuzi-Biega. Lakini shamba la mikalitusi lisiandikwe katika ripoti kama pori lililopona.

Kipimo hiki hakidai mashine za bei kali. Kinadai nyavu, ndizi, vijana waliofundishwa kutambua aina za vipepeo, na uvumilivu wa kurudia kazi msimu kwa msimu, kuanzia kabla ya kupanda. Kinadai pia kipande cha pori la zamani kilicho karibu, cha kulinganisha. Kikikatwa, hata wadudu wa kurudi hawatakuwa na mahali pa kutokea. Kwa hiyo mradi ukija kijijini na miche, wakaaji wana haki ya kuuliza mambo mawili: ni miti gani, na nani atakuja kutazama baada ya miaka kumi?