Matumizi ya Programu ya Mstari wa Amri katika Kuchapa Picha za Kidijitali kwenye Filamu: Mfano wa Miswada ya Kiswahili kwa Hati ya Kiarabu

1.0 Utangulizi

Kuhamisha picha ya kidijitali kwenye filamu huweza kuonekana kuwa ni kurudi nyuma. Hata hivyo, faili halisomeki pasipo kompyuta, programu na umeme, ilhali filamu husomeka kwa nuru na lenzi tu. Ndiyo maana filamu ingali inatumika kama nakala ya akiba. Huko Svalbard, Norway, hifadhi ya Arctic World Archive iliyofunguliwa mwaka 2017 hutunza data kwenye filamu ndani ya mgodi wa zamani wa makaa ya mawe. Makala haya yanafafanua namna programu ya mstari wa amri inavyotumika kuchapa picha kwenye filamu ya milimita 35, na yanaonesha kuwa uamuzi wa kiufundi katika kazi hiyo ni uamuzi wa kifilolojia pia.

Mfano uliochaguliwa ni miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Katika hati hiyo, be, te na the hutofautiana kwa nukta pekee: moja chini, mbili juu, tatu juu. Katikati ya neno, nuni na ye nazo huchukua umbo lilo hilo la jino moja. Nukta ikipotea au mbili zikiungana, msomaji wa filamu atasoma neno jingine, wala hatakuwa na njia ya kujua kuwa kosa ni la mashine na si la mwandishi wa muswada.

2.0 Utendaji wa mashine ya kuandikia filamu

Mashine inayozungumziwa hapa ina tyubu ya katodi isiyo ya rangi, gurudumu la vichujio, lenzi na kamera ya filamu. Picha huchorwa mstari kwa mstari kwenye tyubu. Kwanza huchorwa sehemu nyekundu kupitia kichujio chekundu, kisha ya kijani, kisha ya buluu, huku filamu ikiwa imetulia mahali pamoja. Rangi kamili hupatikana kwenye filamu yenyewe baada ya miangaza hiyo mitatu kukutana. Kwa hiyo, mchakato ukikatika kabla ya rangi ya tatu, fremu hiyo imeharibika na haiwezi kurekebishwa.

Fremu ya filamu hii ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Mashine ikichora pikseli 4096 katika upana huo, kila milimita ya filamu hupokea takriban pikseli 114. Tuchukue ukurasa wa muswada wenye urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 20, uliolazwa ili uenee kwenye fremu. Kila milimita ya ukurasa itawakilishwa na pikseli 13.7 hivi. Nukta yenye kipenyo cha milimita 1 itaonekana bila shida. Lakini mwanya wa milimita 0.2 baina ya nukta mbili utapata pikseli 2.7 tu, na hapo ndipo hatari ilipo.

Hatari hiyo huongezwa na tabia ya tyubu. Sehemu angavu hutawanya nuru na kuvamia sehemu za giza zilizo jirani. Kwa kuwa karatasi ni nyeupe na wino ni mweusi, nuru ya karatasi hula kingo za wino: nukta husinyaa na mistari myembamba hukatika. Kuongeza ung'avu ili ukurasa upendeze machoni ni kuzidisha hasara hiyo.

3.0 Kuandaa faili

Programu ya ImageMagick, iliyoanzishwa na John Cristy mwaka 1987, huweza kuandaa ukurasa kwa amri moja:

magick ukurasa.tif -rotate 90 -resize 4096x2731 -background black -gravity center -extent 4096x2731 -depth 8 ukurasa.ppm

Amri hii huulaza ukurasa, huupunguza bila kuvuruga uwiano wa pande zake, na hujaza nafasi inayobaki kwa weusi badala ya kuunyoosha ukurasa. Umbizo la PPM limechaguliwa kwa sababu ya wepesi wake: baada ya kichwa kifupi, kila pikseli huandikwa kwa baiti tatu bila kubanwa. Hivyo, data ya picha lazima iwe baiti 33,558,528 kamili, na faili zima likizidi hapo kwa baiti chache za kichwa. Faili lenye ukubwa pungufu hugunduliwa kabla ya filamu kuangazwa. Ukaguzi huu ni muhimu kwa kuwa filamu haina nafasi ya kufuta.

4.0 Usawazishaji wa ung'avu

Namba 128 katika faili haizai nusu ya nuru kwenye filamu. Tyubu, vichujio, filamu na dawa ya kuisafishia kila kimoja kina mwitikio wake. Njia ya kuaminika ni kuchapa ngazi ya kijivu yenye hatua 18, kuanzia 0 hadi 255 kwa kuongeza 15 kila mara, kusafisha filamu, kisha kupima weusi wa kila hatua kwa densitomita. Kipimo cha 0.3 humaanisha kuwa nusu hivi ya nuru hupita, na 3.0 kuwa sehemu moja tu kati ya elfu hupita. Kutokana na vipimo hivyo hutengenezwa jedwali la kusahihisha kwa kila rangi. Filamu au dawa ikibadilishwa, jedwali la zamani halifai tena.

5.0 Faida ya mstari wa amri kiutafiti

Programu yenye madirisha na vitufe huweza kutoa fremu nzuri, lakini mara nyingi haiachi kumbukumbu ya yaliyotendwa. Amri iliyoandikwa ni maelezo ya mbinu na wakati huohuo ni mbinu yenyewe. Mtafiti mwingine anaweza kuirudia neno kwa neno. Aidha, amri zikiunganishwa kwa alama ya &&, hatua inayofuata haitekelezwi endapo iliyotangulia imeripoti kosa; hivyo filamu haisogezwi kabla ya rangi zote tatu kukamilika. Amri ya sha256sum nayo hutoa alama ya utambulisho wa kila faili, ambayo huandikwa kwenye daftari pamoja na namba ya fremu.

6.0 Hitimisho

Imebainika kuwa ubora wa filamu ya muswada haupimwi kwa mvuto wa picha, bali kwa uwezo wa msomaji kutofautisha herufi. Pale ambapo mwanya wa nukta unakaribia kikomo cha mashine, inafaa ukurasa ugawanywe katika fremu mbili zinazopishana kidogo, hata kama gharama ya filamu itaongezeka maradufu. Vilevile, amri, jedwali la usahihishaji na ngazi ya kijivu vichapwe mwanzoni mwa kila filamu. Kwa njia hiyo, atakayeisoma siku ambayo faili halipo tena ataweza kuamua iwapo nukta isiyoonekana iliachwa na mwandishi au ilimezwa na nuru.