Upepo wa kusi Mafia: Hasara kwa mashua, mtaji kwa kaiti?

MAMLAKA ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inapotoa tahadhari ya upepo unaofikia kasi ya kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, mfanyabiashara wa Kilindoni hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mashua za Nyamisati husubiri, nazi na samaki hukwama, na bidhaa za dukani kutoka Dar es Salaam huchelewa. Hata hivyo, kwa mcheza kaiti tahadhari hiyo hiyo ni habari njema.

Kaiti ni tiara kubwa inayomvuta mtu aliyesimama juu ya ubao majini. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili hataza ya tiara ya kujazwa upepo mwaka 1984, na mwaka 2024 mchezo huo uliingia katika Olimpiki, mashindano yakifanyika Marseille. Katika Afrika Mashariki soko lake limestawi zaidi Paje, Unguja, na Diani nchini Kenya. Swali kwa mwenye mtaji mdogo ni kama Mafia nayo inaweza kupata fungu lake.

Misimu miwili

Mafia inapata pepo zile zile mbili za Paje. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kwa kawaida ni wa wastani. Kusi hushika baada ya masika na hupata nguvu zaidi kati ya Juni na Septemba. Kati ya misimu hiyo bahari hutulia, na kaiti haziruki.

Kibiashara, kusi ndio wenye mvuto zaidi. Papa potwe, wanaovuta watalii wengi Kilindoni, huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi. Wapiga mbizi nao hushindwa kutoka nje ya mwamba wakati kusi ukichafua bahari, wakabaki ndani ya Ghuba ya Chole. Kwa hiyo mchezo unaohitaji upepo ungeweza kujaza vyumba katika miezi ambayo biashara nyingine za bahari hupungua.

Mwelekeo kwanza, kasi baadaye

Kasi inayofaa ni takriban kilomita 25 hadi 45 kwa saa. Lakini ikumbukwe kuwa upepo ukipanda kutoka kilomita 20 hadi 40, nguvu ya kuvuta haiongezeki mara mbili bali mara nne. Ndiyo maana mwalimu hawezi kufanya kazi kwa kaiti moja. Anahitaji kubwa kwa siku za upepo hafifu na ndogo kwa siku za upepo mkali, na moja mpya huuzwa nje kwa zaidi ya dola 1,000 za Marekani.

Katika mawimbi, mwelekeo ni muhimu kuliko kasi. Upepo unaovuma sambamba na pwani ndio bora, kwa kuwa mawimbi hubaki na mpangilio na mchezaji huweza kutoka na kurudi. Upepo unaotoka baharini moja kwa moja huvuruga mawimbi na kumsukuma mchezaji kwenye mwamba. Unaotoka nchi kavu husimamisha mawimbi vizuri, lakini kifaa kikiharibika humpeleka mtu bahari kuu.

Kwa Mafia hesabu hiyo ina maana kubwa. Upande wa mashariki, ikiwa ni pamoja na kisiwa cha Juani, mawimbi ya Bahari ya Hindi huvunjikia kwenye mwamba, na upepo huja ukitokea baharini kwa mshazari. Upande wa Kilindoni, kusi unaotokea kusini mashariki hupita kwanza juu ya minazi, ukafika pwani kwa vishindo na kuelekea baharini. Anayeanza kujifunza hapaswi kuwekwa hapo bila boti ya uokoaji.

Aidha, mchezaji anayeteremka na wimbi huikaribia kaiti yake, kamba zikalegea. Upepo ukikatika wakati huo, kaiti huanguka kwenye mapovu na inaweza kuchanika. Upepo wa kutabirika, hata kama si mkali, hupunguza gharama za matengenezo.

Bamvua na mizigo

Jambo la pili ni maji. Wakati wa bamvua maji hukupwa sana, miamba ikawa wazi, na mkondo katika mlango wa Kinasi huwa mkali. Siku yenye upepo mzuri inaweza kuwa na saa chache tu za kazi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Msimu una siku 120, upepo unafaa siku 2 kati ya 3, na maji yanaruhusu saa 4. Mwalimu mmoja, kwa somo la saa 2, atatoa masomo 160. Upepo ukifaa siku 1 kati ya 2, masomo hushuka hadi 120. Mapato hupungua kwa robo, ilhali kodi ya pango na mshahara hazipungui.

Usafiri nao una bei yake. Ndege ndogo za Mafia huweka kikomo cha mizigo, mara nyingi kilo 15 hadi 20, wakati begi la kaiti na ubao linaweza kuzidi hapo. Anayekodisha vifaa kisiwani ana nafasi hapo. Vile vile sehemu kubwa ya kusini na mashariki iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ambako mgeni hulipa ada kwa siku na ambako kasa hutaga katika fukwe za Juani. Kibali kitafutwe kabla ya kununua hata kamba.

Kwa hali hiyo, mwenye mtaji mdogo anashauriwa asianze na shule ya kaiti. Boti ya uokoaji yenye nahodha anayeijua mikondo, vyumba vya kulala na ghala la vifaa vina wateja katika misimu yote miwili. Anayetaka shule aweke kwanza daftari la upepo na maji, kila siku, kwa kusi mmoja na kaskazi mmoja. Gharama yake ni kalamu na subira, nayo ni ndogo kuliko bei ya kaiti moja iliyochanika.