Kindu hadi Goma ni saa moja, lakini kutoka Kibombo?



Miaka michache iliyopita, mama mmoja wa kanisa letu hapa Kibombo alifiwa na kaka yake huko Goma. Familia ya Goma ilipanga mazishi siku ya tatu, kwa sababu walijua kwamba ndege ya Kindu hadi Goma hutumia saa moja hivi. Mama alifika siku ya sita, akakuta kaburi. Aliporudi aliniuliza: "Pasta, ile saa moja iko wapi?"

Saa ile ni ya kweli. Ukinyoosha kamba juu ya ramani kutoka Kindu hadi Goma, unapata karibu kilometa 400. Ndege ndogo ya injini moja, inayokwenda karibu kilometa 300 kwa saa, inahitaji saa moja na dakika 20 hivi. Ndege kubwa zaidi itapunguza.

Lakini sisi hatuanzii Kindu. Kindu iko karibu na digrii ya 3 kusini mwa ikweta, Kibombo karibu na digrii ya 4, moja chini ya nyingine. Digrii moja ni kilometa 111, kwa hiyo kati yetu kuna zaidi kidogo ya kilometa 100. Angani ingekuwa chini ya nusu saa. Chini tuna reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyojengwa na Wabelgiji kabla ya vita vya 1914 kwa sababu maporomoko ya Lualaba yanazuia meli sehemu zile. Treni ni rafiki mzuri siku inapokuja. Isipokuja, ni pikipiki, na wakati wa mvua pikipiki inaweza kulala njiani pamoja na abiria wake. Mama yule alingoja treni siku mbili, kisha akapanda pikipiki.

Kindu hakukuwa na ndege kesho yake. Siku iliyofuata mvua ilizuia. Siku ya sita akapata nafasi, lakini ndege ndogo hupima kila kitu, mtu na mzigo wake, na mchele aliobeba kwa ajili ya matanga ukaachwa kwa ndugu.

(Wanaotoka Kinshasa wakumbuke pia kwamba saa ya Maniema iko mbele kwa saa moja. Ukikaa angani masaa mawili, saa ya Kindu itaonyesha masaa matatu yamepita. Ukirudi, utadhani rubani amepita njia ya mkato.)

Siku hizi familia ikiniomba kutangaza tarehe ya mazishi hapa Kibombo, nauliza kwanza: yule anayesubiriwa analala wapi usiku huu? Kama hajafika Kindu, sitangazi. Akipiga simu kwamba ameshuka ndege Kindu, tunahesabu siku mbili za njia, ndipo vijana wanachimba. Wengine wananiona mgumu, kwa maana kulisha watu wa matanga ni gharama. Wana haki.

Na Goma yenyewe, tangu vita ilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wake ulifungwa kwa ndege za abiria. Kilometa 400 zimebaki zile zile. Mama yule bado ana dada kule, na wanasalimiana kwa simu.