SIASA KWA KISWAHILI, SAYANSI KWA KIINGEREZA: MGAWANYO WA LUGHA ZA KUFUNDISHIA NA MATOKEO YAKE KATIKA ISTILAHI

1.0 Utangulizi

Suala la lugha ya kufundishia katika shule za sekondari nchini Tanzania limejadiliwa sana, na kwa kawaida mjadala huo huzihusu lugha mbili kwa ujumla: Kiswahili au Kiingereza. Makala haya yanaliangalia suala hilo kwa upande mwingine. Yanachunguza namna masomo ya jamii na masomo ya sayansi yalivyotengwa kilugha tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na yanadai kuwa tofauti tunayoiona leo kati ya istilahi za siasa zilizoenea na istilahi za sayansi zisizozoeleka haikutokana na upungufu wa Kiswahili, bali ilitokana na mgawanyo huo. Mifano ya hali halisi imechukuliwa kutoka Akheri na vijiji vingine vya miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha.

2.0 Historia ya mgawanyo

Kabla ya Uhuru, mwanafunzi wa sekondari alisoma karibu masomo yote kwa Kiingereza na alihitimu kwa mtihani uliotungwa Cambridge, Uingereza. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule ya msingi. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano (1969–1974) ulionyesha nia ya kukiendeleza hadi sekondari. Somo la siasa lilikuwa miongoni mwa masomo ya kwanza kubadilishwa. Sayansi haikufikiwa.

Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia kidato cha kwanza mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, ingawa utafiti wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 ulithibitisha kuwa Kiingereza cha wanafunzi walio wengi hakikutosha kujifunzia. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, somo la siasa liliondolewa na mahali pake pakachukuliwa na Uraia, somo lililofundishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo hata ule mlango mmoja uliokuwa wazi ulifungwa.

3.0 Maneno mawili, safari mbili

Ili kulifafanua dai letu, tulinganishe istilahi mbili: unyonyaji na usanisinuru. La kwanza limetokana na kitenzi kinachojulikana na kila mtu, nyonya. La pili limeunganisha usanisi, yaani uundaji wa kitu kwa kuunganisha vingine, na nuru. Yote mawili yameundwa kwa mali ya lugha yenyewe. La pili linamwambia mwanafunzi, hata kabla ya kufundishwa, kuwa mmea huunda kitu kwa msaada wa mwanga. Kimuundo, hakuna sababu ya mojawapo kufaulu na jingine kushindwa.

Hata hivyo yalisafiri njia mbili tofauti. Unyonyaji lilitamkwa darasani, redioni na katika mikutano ya vijiji. Liliulizwa katika mitihani na likabishaniwa. Likazaa ndugu, kama vile mnyonyaji na mnyonywaji, na tamathali ya kupe ikaambatana nalo. Usanisinuru huishia shule ya msingi, ambako mtoto husoma Sayansi kwa Kiswahili sawasawa na masomo ya jamii. Afikapo kidato cha kwanza huliacha mlangoni na kupewa neno jingine la Kiingereza kwa dhana ileile.

Hivyo hoja kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi haina nguvu. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limesanifu istilahi za nyanja nyingi. Na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kilichokosekana ni mahali pa kuzitumia. Istilahi husanifiwa mezani, lakini hukomaa vinywani mwa watu.

4.0 Mfano wa maji ya Mlima Meru

Athari za mgawanyo huu haziishii darasani. Kijana wa Akheri huanza na Kimeru nyumbani, hupata Kiswahili shuleni, kisha hukabidhiwa Kiingereza afikapo sekondari. Anaishi chini ya mlima wa volkeno ambao ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Miamba ya volkeno ya eneo hili ina floraidi, na maji ya mito na chemchemi nyingi zinazouzunguka mlima yana kiasi kikubwa cha madini hayo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anywaye maji yenye floraidi nyingi wakati meno yake ya ukubwani yanajijenga huota meno yenye madoa ya kahawia. Kiasi kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huharibika. Njia mojawapo ya kuyasafisha maji hayo, iliyofanyiwa kazi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ni kuyapitisha katika mkaa wa mifupa ya wanyama, ambao huinasa floraidi.

Msomaji ataona kuwa aya iliyotangulia imeeleza kemia, jiolojia na afya kwa Kiswahili bila kukwama. Suala la floraidi, hata hivyo, si la sayansi peke yake. Nani achangie gharama za chujio? Chemchemi ipi iachwe kwa umwagiliaji wa migomba na kahawa, na ipi iwe ya kunywa? Maswali haya huamuliwa katika mkutano wa kijiji na katika jumuiya ya watumia maji, na lugha ya vikao hivyo ni Kiswahili. Kijana aliyefaulu Kemia kwa Kiingereza anaweza kuinuka mkutanoni akiwa na maarifa yanayohitajika, lakini bila maneno ya kuwafikishia wazee. Huo ndio uzito wa jambo tunalolijadili.

5.0 Pingamizi

Inafaa kukiri kwamba lugha peke yake haitoshi. Somo la siasa, pamoja na kufundishwa kwa Kiswahili, lililaumiwa mara nyingi kwa kukaririsha misimamo badala ya kufundisha kufikiri. Aidha, wazazi wanaotaka watoto wao wajue Kiingereza wana sababu za msingi. Lakini kuifundisha lugha ya kigeni vizuri, kama somo, ni jambo moja. Kuifanya njia pekee ya kuifikia sayansi ni jambo jingine. Walimu wenyewe hulijua hilo, ndiyo maana mara nyingi hufafanua kwa Kiswahili yale waliyoyaandika ubaoni kwa Kiingereza.

6.0 Hitimisho

Mtaala ulioanza kutumika katika miaka ya 2020 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, ilhali Fizikia, Kemia na Biolojia zimebaki katika Kiingereza. Mgawanyo wa 1969 umerudi kwa sura mpya: yanayohusu taifa husemwa kwa lugha ya taifa, na yanayohusu maumbile husemwa kwa lugha ya wengine. Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa maji ya Meru hayaujui mgawanyo huo. Kazi iliyo mbele ya wanaisimu, basi, ni kuongeza orodha za istilahi, na zaidi ya hapo kutafuta, pamoja na walimu wa sayansi, namna ya kuzirudisha zile zilizopo katika midomo ya wanafunzi.