Tumtambue Hudihudi

Ndugu wanafunzi, tunapotembea mashambani pembezoni mwa Tunduma, tumtafute hudihudi, ndege aliyemletea Nabii Sulaiman (a.s.) habari za Sabaa katika Suratun Naml. Tutamtambuaje? Mwili wake una rangi ya udongo mwekundu, mbawa zina mistari myeusi na myeupe, na mdomo ni mrefu, mwembamba, umepinda. Kishungi chake hukisimamisha anapotua. Hutembea chini akichokoa wadudu, na mlio wake ni 'hup-hup-hup'.

Ibn Abbas (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kuuawa viumbe wanne, hudihudi ni mmoja wao. Basi vijana wenye manati tuziweke chini. Jiwe likisharushwa halirudi. Tutazame kwanza, tujue ni nani.